Mlango wa Daladala: HiAce, Coaster, Basi Kubwa, Mwendokasi na Gari za Mbao Zikipimwa kwa Anayening'inia Nje

Ukiuliza watu Dar es Salaam daladala ipi ni nzuri, utatajiwa siti, muziki, na konda asiye na matusi. Sisi tunaanzia mlangoni, maana wanaoning'inia nje ya gari huumia hapo: konda aliyetoa kiwiliwili chote nje, abiria aliyepata nafasi ya mguu mmoja tu kwenye ngazi, na mwanafunzi aliyedandia gari likiwa limeshaondoka. Tumemwongeza na mgombania siti anayeingia kwa dirishani kabla gari halijasimama. Kila gari tumelipima kwa maswali manne. Aliye nje ameshika nini? Amekanyaga nini? Akiponyoka anaangukia wapi? Dereva anamwona?

Kabla ya magari yenyewe, hesabu kidogo. Gari likiwa kwenye kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao konda huuona ni wa kutembea tu, mtu anayegonga nguzo hupata kishindo sawa na cha kuanguka kutoka kimo cha mita 1.6. Kwa kilomita 30 kimo hicho ni mita 3.5. Kwa 40 ni mita 6.3, yaani kama kuruka kutoka ghorofa ya pili. Anayeangukia lami tupu hateketezi nguvu zote mara moja. Huburuzika, na lami humla ngozi mpaka kwenye nyama. Lakini kichwa kikitangulia, kule kuburuzika hakumsaidii.

Kona nazo zina hesabu yake. Tunaendesha upande wa kushoto, mlango wa daladala uko kushoto, na kipilefti huzungukwa kwa kukata kulia muda wote. Maana yake, kila kipilefti kinamsukuma aliye mlangoni kwenda nje. Gari likizunguka kwa kilomita 30 kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 20, mtu wa kilo 70 anavutwa nje kwa nguvu kama ya kubeba kilo 25, nusu mfuko wa saruji, na mara nyingi mkono uliomshikilia ni mmoja tu, kwa kuwa mwingine una noti za nauli. Kona ya kushoto ina hatari ya aina nyingine. Tairi la nyuma halifuati njia ya tairi la mbele. Linakata ndani, ubavu wa gari unasogelea ukingo wa barabara, na aliyening'inia anabanwa kwenye nguzo ya taa, kwenye kibanda au kwenye bajaji iliyoegeshwa. Dereva anaona pua ya gari imepita salama, akaamini gari zima limepita.

HiAce, alama 3 kwa 10

Siku hizi HiAce utaziona zaidi kwenye njia za pembezoni, lakini bado ni nyingi, na mlango wake ndio unaostahili kuelezwa kwa urefu kuliko yote. Ni mlango wa kusukuma unaotembea kwenye reli tatu: moja juu, moja katikati kwenye ubavu wa bodi, na moja chini kwenye ngazi. Kila reli ina rola yake. Gari hili lilitengenezwa likitarajiwa mlango ufungwe kabla halijaondoka. Kwenye daladala mlango huo hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kwa siku kuliko mwenye gari ya familia anavyofanya kwa wiki, na gari hutembea nao ukiwa wazi.

Kitu cha kwanza kuchakaa ni rola ya chini, kwa sababu mchanga na maji ya mvua hujaa kwenye reli yake. Rola ikiisha, mlango hulala, huanza kukwaruza bodi, na konda huusukuma kwa bega. Kitu cha pili ni kile kinasio kinachoushika mlango ukiwa wazi mpaka mwisho. Hiki kikilegea ndipo vidole hukatika, na sababu yake si wengi wanaoijua: mlango wa HiAce hufunguka kwa kwenda nyuma na hufungwa kwa kuja mbele. Dereva akikanyaga breki ghafla, gari linapunguza mwendo lakini mlango unaendelea na mwendo wake wa awali. Unakuja mbele kwa kasi, chuma kizima, na unafungia kwenye nguzo ya mlango, mahali pale pale konda alipoweka vidole. Wengine hutatua tatizo hilo kwa kamba au kipande cha mpira wa tairi kilichofungwa kwenye kiti. Kamba hiyo hukatika siku ya breki kali, maana siku nyingine zote haifanyi kazi yoyote.

Ameshika nini? Kwa kawaida mfereji wa maji ya mvua ulio juu ya mlango. Huo ni ukingo mwembamba wa bati, hauwezi kuzungukwa na kiganja; unashikwa kwa ncha za vidole tu. Ukiloa mvua au jasho, haushikiki. Na kuna jeraha ambalo mfereji huu hulisababisha mara nyingi kuliko watu wanavyodhani: la pete. Konda anaruka chini gari likiwa linatembea, pete inanasa kwenye ukingo wa bati, mwili unakwenda chini na kidole kinabaki juu. Ngozi huvuliwa kama soksi, wakati mwingine na mshipa wake wa damu. Konda wa HiAce asivae pete kazini, hata ya ndoa. Aitie kwenye uzi shingoni, ndani ya shati.

Akiponyoka anaangukia wapi? Nyuma ya mlango, karibu kabisa, lipo tairi la nyuma. Aliyeponyoka huanza na mwendo uleule wa gari, kisha lami inamzuia wakati gari linaendelea, na kinachomfuata ni tairi hilo. Mguu na nyonga ndivyo hutangulia kukanyagwa.

Coaster, alama 4

Coaster ndiyo daladala ya Dar kwa sasa. Ina kimo cha kutosha mtu kusimama, kwa hiyo konda ana uwezo wa kukaa ndani wima, na hilo pekee linaipa faida juu ya HiAce. Mlango wake ni wa kukunja na dereva anaweza kuufungua na kuufunga kutoka kitini kwake. Kwenye daladala nyingi mfumo huo umekufa au umezimwa, na mlango hukaa wazi kutwa nzima kwa sababu konda amesimama penye njia yake.

Shida iko kwenye ngazi. Ubao wa mlango ukijikunja hula sehemu ya nafasi ya kupita, na ngazi ya kwanza hubaki na upana wa kutosha watu wawili wembamba. Jioni Kariakoo au Buguruni utaona wanne pale. Wawili wa nje hawakanyagi ngazi kwa mguu mzima, wanakanyaga kwa vidole vya miguu, visigino vikiwa hewani. Mshikio ukiwa umefungwa kwenye ubao wa mlango wenyewe, basi unachokishikilia ni mlango unaocheza kwenye bawaba. Hata ukiushika kwa nguvu zako zote, haitoshi. Mlango ukijifunga au kujifungua kidogo tu, na wewe unahama nao.

Matairi ya nyuma ya Coaster ndefu ni pacha kila upande. Kwa majeruhi hiyo si habari ndogo. Tairi pacha likipita juu ya paja huvunja mfupa, na pia huiachanisha ngozi na nyama iliyo chini yake. Juu unaona michubuko ya kawaida, chini kuna damu inayojaa. Watu husema "hajaumia sana, ngozi haijapasuka," wakampandisha bodaboda kwenda nyumbani. Mtu wa namna hii anaweza kuzimia ndani ya saa moja.

Madirisha

Kuingia kwa dirishani si tabia mbaya ya watu wachache. Ni matokeo ya kituo cha mwisho chenye abiria mia na gari la siti chini ya thelathini. Gari linaingia kugeuza, halijasimama, watu wanakimbia sambamba nalo, wanatupa begi ndani kuweka siti, kisha wanapanda: mguu mmoja juu ya tairi la nyuma, mikono kwenye reli ya kioo. Tairi linazunguka. Anayelikanyaga anakanyaga kitu kinachomtupa chini, upande uleule linakoelekea. Reli ya kioo nayo ni aluminiamu nyembamba yenye ncha kali. Huchana kiganja kwa mstari ulionyooka, na mara nyingi mshipa wa kukunja kidole ndio unaokatika. Dalili yake ni kwamba kidole hakikunjiki ingawa kidonda kinaonekana kidogo. Kidonda hicho hakishonwi na kuachwa. Kinahitaji daktari wa upasuaji ndani ya siku chache, la sivyo kidole kitabaki kimenyooka.

Basi kubwa na mwendokasi

Mabasi makubwa yenye mlango wa upepo yanapata 6. Upana wa mlango unatosha, bomba la kushika liko ndani, na dereva anaweza kukataa kuondoka mpaka mlango ufunge. Yanapoteza alama nne kwa sababu upepo ukivuja mlango haubani, na fundi wa haraka huufunga kwa waya uwe wazi moja kwa moja.

Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka kwenye njia yao maalumu, ulioanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, tunaupa 8. Kituo kimeinuliwa, abiria anaingia bila kupanda ngazi, nauli inalipwa kabla, na hakuna konda wa kuning'inia. Hiyo ndiyo dawa kamili ya tatizo tunalolizungumzia. Alama mbili tumezikata kwa mambo mawili. Basi likisimama mbali na ukingo wa kituo, nafasi inayobaki katikati inatosha kumeza mguu wa mtoto. Na msongamano wa asubuhi ukifikia abiria kuegemea mlango kwa mgongo, mlango huo umegeuka ukuta ambao haukutengenezwa kubeba watu.

Gari za bodi ya mbao za Zanzibar

Tumeziweka humu kwa sababu zinafundisha jambo. Kwenye gari za mbao za Unguja abiria huketi kwenye mabenchi ya pembeni, mlango uko nyuma, na utingo husimama kwenye kipandio cha nyuma. Akianguka, matairi ya gari lake yameshapita. Hiyo ni nafuu kubwa ukilinganisha na HiAce. Ila kinachomfuata ni gari la nyuma, na dereva wa gari lake mwenyewe hamwoni hata kidogo, si kwa kioo wala kwa sauti. Tunatoa 3, na ingefika 5 kama kipandio kingekuwa na bati lenye vinundu badala ya ubao uliolainishwa na viatu, na kengele ya kumfikia dereva.

Kwa nini konda yuko nje

Tunasoma maonyo mengi yanayomwambia konda aingie ndani, na machache yanayouliza anafanya nini huko. Anaita abiria. Anatazama ubavu ambao dereva haoni vizuri kwenye kioo chake, na kupiga bodi kumjulisha. Anadai nauli ya anayeshuka. Na nafasi aliyoiacha ndani ameiuza. Dereva na konda wengi hupeleka hesabu ya siku kwa tajiri na wao hubaki na kilichozidi. Deiwaka, yaani kibarua wa muda, aliyeshika gari kwa nusu siku ana haraka kuliko wote. Kila sekunde ya kusimama kituoni ni abiria anayechukuliwa na gari la nyuma. Mwanafunzi anaingia kwenye hesabu hiyo akiwa na nauli ndogo, kwa hiyo anaachwa mpaka wa mwisho, na anadandia gari likiwa linaondoka. Hili linatuuma kuliko yote tuliyoandika humu, kwa sababu ni mtoto, ana begi mgongoni linalomvuta nyuma, na mkono wake haufiki kwenye bomba la mtu mzima.

Kenya ilijaribu njia ya sheria. Kanuni alizozisimamia Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilizoanza kutumika Februari 2004, zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda, sare za makanga na mstari wa manjano kwenye matatu. Baadaye, mwaka 2016, orodha ya makosa madogo ya barabarani iliweka faini ya shilingi 1,000 za Kenya kwa anayesafiri huku sehemu ya mwili ikiwa nje ya gari linalotembea. Faini inasaidia panapokuwa na askari. Baada ya kumpita askari, mkono wa konda unarudi kwenye mfereji wa maji kwa sababu kazi yake bado iko nje.

Kwa hiyo mwenye gari anayetaka mabadiliko aihamishie kazi hiyo ndani. Kengele ya umeme yenye vitufe viwili, kimoja mlangoni na kingine nyuma, inamwondolea konda haja ya kupiga bodi. Kioo cha ziada cha mviringo upande wa kushoto, kikielekezwa chini kwenye tairi la nyuma, kinafanya kazi ya macho yake. Kiti cha kukunja karibu na mlango kinampa mahali. Taa nyekundu kwenye dashibodi inayowaka mlango ukiwa wazi hugharimu swichi moja na waya.

Bomba la mlangoni linahitaji fundi wa bodi, si wa kupachika. Kipenyo chake kiwe milimita 25 hadi 32, ili kiganja kilizunguke lote. Lifungwe kwa bolti zinazopita kwenye fremu, na nyuma yake bamba la chuma la milimita 3. Skrubu za kukaza kwenye bati hung'oka, kwani bati ni jembamba na nyuzi zake hulika. Likae ndani ya mstari wa mlango, kiasi kwamba anayelishika mabega yake hayatoki nje. Bomba linalotokeza nje ni mwaliko wa kuning'inia. Ngazi ivishwe bati lenye vinundu na ukingo wake upakwe rangi ya manjano. Rola za HiAce zibadilishwe zote tatu kwa pamoja. Ukibadilisha moja, mzigo unahamia kwenye zile kuukuu, na baada ya muda mfupi unarudi kwa fundi. Reli ioshwe kwa maji, ikauke, ndipo ipakwe grisi kidogo. Grisi nyingi hukusanya mchanga, na mchanga ukichanganyika na grisi husaga rola kama msasa.

Abiria naye ana ukaguzi wa sekunde tano. Tazama kama mlango wa HiAce umelala upande wa nyuma; tazama kama kuna kamba inayoushikilia; tazama kama kuna mtu ambaye kisigino chake kiko nje ya ngazi. Ukiona chochote kati ya hivyo jioni ya mvua, subiri linalofuata. Na usishuke gari likitembea. Tunajua watu hufundishana kushuka kwa mguu wa kushoto ukitazama mbele, na ni kweli kwamba anayeshuka akitazama nyuma huangukia kisogo. Lakini ukiwa na mzigo, viatu vya kuteleza au mtoto, hakuna mguu wa kuchagua.

Mtu akiwa ameshaanguka

Aliye chini ya tairi: dereva asirudi nyuma wala asisogee mbele. Tairi likipita mara ya pili huvunja kilichobaki. Zima injini, vuta breki ya mkono, weka jiwe au tofali kwenye matairi mengine, inua kwa jeki, na kadiri gari linavyopanda weka ubao chini yake lisidondoke. Piga 112 kwa polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji.

Damu inayotoka kwa kasi ikandamizwe kwa kitambaa na kiganja bila kuinua kila mara kutazama. Aliyezimia lakini anapumua ageuzwe kwa ubavu, kichwa, mabega na nyonga vikigeuka pamoja kama gogo, watu watatu au wanne wakishirikiana. Asibebwe kwa kushikwa mikono na miguu. Ikiwa analalamika nyonga, au mguu mmoja unaonekana mfupi au umegeukia nje, chukua kanga, ikunje iwe na upana wa kiganja na nusu, izungushe usawa wa mifupa inayochomoza pembeni pale mapaja yanapoanzia, si kiunoni, na uikaze. Kanga iliyofungwa kiunoni haibani nyonga, na damu inaendelea kumwagika ndani.

Fomu ya PF3, ile ya polisi kwa ajili ya matibabu ya majeruhi, ifuatwe polisi na mtu mwingine wakati majeruhi anaelekea hospitali. Waelezeni wauguzi mambo matatu: gari lilikuwa na mwendo gani, tairi lilipita wapi, alibanwa kwa dakika ngapi. Kiungo kilichobanwa muda mrefu hudhuru figo baada ya kuachiliwa, kwa hiyo jibu la swali la tatu hubadilisha matibabu.

Mkono ulioumia uvuliwe pete na saa mapema kabla haujavimba. Kidole kilichokatika kisitupwe na kisiwekwe juu ya barafu moja kwa moja, kwani barafu huunguza nyama. Kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe kwenye mfuko wa nailoni na ufungwe usiingize maji, mfuko huo uwekwe kwenye chombo chenye maji na barafu, uandikwe saa, na uende kwenye gari lile lile analopanda mwenye kidole.